Piano Iliyosikika Jikoni

Juma lililopita niliingia katika duka la nne la spika mjini Nairobi, na muuzaji wa nne akanifanyia yale yale waliyonifanyia wenzake watatu. Alinikalisha kwenye kiti laini, akaniletea maji, akaniuliza napenda muziki gani. Nikamwambia napenda piano. Akatabasamu, akabonyeza simu yake, na duka zima likaanza kutetemeka kwa ngoma. Ukitaka kujua spika nzuri, akaniambia kwa sauti ya kushindana na hizo ngoma, sikiliza besi. Nilimwacha amalize. Mimi ni mtu wa Isiolo, na kwetu mtu anayeuza kitu hakatizwi, anasubiriwa achoke. Alipochoka nikamwomba acheze piano peke yake, bila ngoma wala gita, kisha nikasimama na kumuuliza jiko lao liko wapi.

Alidhani nataka chai. La, rafiki yangu, nilitaka kusikiliza. Kuchagua spika nilifundishwa na nyanya yangu, mwanamke ambaye hakujua kusoma, aliyeogopa swichi ya stima mpaka akaibonyeza kwa ncha ya mwiko, na aliyejua sauti ya piano kuliko watu wote wa mji wetu. Yeye alichagua zake akiwa jikoni. Kaa nikueleze, maana hadithi hii nikiiacha itakuja kupotea na mimi.

Nyanya yangu tulimwita Ayeyo, kwa Kisomali chetu cha nyumbani. Sisi ni wa zile familia ambazo mababu zao waliletwa Isiolo na jeshi la Mwingereza, vita vikaisha, wakaonyeshwa mahali pa kujenga badala ya kupewa nauli ya kurudi kwao. Wakajenga, wakaoa, wakawa wafanyabiashara. Baba yangu alikuwa na lori, na kazi yake ilikuwa kupeleka sukari na unga mpaka Sericho, na kurudi na mbuzi, ngozi na abiria waliopakwa vumbi mpaka kope. Alikuwa mtu wa maneno machache barabarani na maneno mengi nyumbani.

Asubuhi zetu zilianza na moshi. Kwanza moshi wa kuni, Mama akimimina anjera, mikate yetu ya maji, juu ya chuma, halafu moshi wa ubani, Ayeyo akipita na chetezo chake chumba hadi chumba, akifukiza mapazia, nguo, na sisi wenyewe kama tulikuwa bado tumelala. Hata chai ilikuwa na moshi, kwa sababu maziwa ya ngamia tuliyoletewa yalikuja katika vyombo vilivyofukizwa kwa vijiti vya mti, na mpaka leo nikinywa chai ya maziwa ya pakiti naona kama kuna kitu kimesahauliwa. Nje punda wa maji walipita wakigonganisha madebe. Kufikia saa nne upepo ulikuwa umeamka, na upepo wa Isiolo wa siku zile haukuwa na adabu. Uliingia bila hodi, ukaketi juu ya kila kitu. Mimi na dada zangu tulipanguza vumbi mara mbili kwa siku, na jioni bado ungeweza kuandika jina lako mezani.

Ndiyo sababu nyumba yetu haikuwa na kitu kilichokaa uchi. Viti vilikuwa na vitambaa, migongoni na mikononi. Thamosi ilikuwa na kanzu yake. Mtungi wa maji ulivaa, saa ya ukutani iliachiwa uso tu. Vyote vilikuwa kazi ya mikono ya Ayeyo, vimefumwa kwa nyuzi nyeupe na za dhahabu, na kwa vile hakuiamini nafasi iliyo katikati ya uzi na uzi, upande wa nyuma alishonea mahameli nzito ili vumbi lisipite. Kila Alhamisi vilivuliwa, vikafuliwa, vikatiwa maji ya wanga na kuanikwa vikauke vigumu kama mbao, ili Ijumaa wageni watukute tumevaa. Mgeni angekuta redio yako haina kitambaa, habari zingefika sokoni kabla yake.

Sasa nikuambie Ayeyo alijulia wapi piano. Babu alipofariki, yeye akiwa bado kijana, alipata kazi katika nyumba ya daktari wa mifugo wa serikali, Mzungu, aliyesimamia ng'ombe wakipimwa kabla ya kupelekwa kuuzwa. Alifanya kazi hapo miaka kumi na mmoja, akipika, akilea na kusafisha. Mke wa daktari, ambaye Ayeyo alimwita Memsabu mpaka siku ya mwisho, alikuwa na piano. Kila siku saa kumi Memsabu aliketi akaipiga, na Ayeyo, akishamaliza swala yake ya alasiri katika kona ya jikoni, aliketi juu ya kigoda na kusikiliza, mlango ukiwa umefunguliwa nusu. Hakuna aliyemwambia afungue wala afunge. Nusu ndiyo ilikuwa makubaliano yao.

Kazi ya kuipanguza piano ilikuwa yake. Alituonyesha mara nyingi, akitumia ukingo wa meza, jinsi alivyopitisha kitambaa kikavu juu ya vile vibao vyeupe, alivyoviita meno, jino moja moja, asiliamshe hata moja. Uhuru ulipokuja daktari na mkewe wakaondoka, piano ikapakiwa kwenye lori ikiwa imefungwa mablanketi, na Ayeyo akaenda kufanya kazi yake nyingine, kumlea Baba na ndugu zake, na baadaye sisi.

Shingoni alivaa kaharabu za mahari yake, shanga kubwa za rangi ya asali. Lakini kati ya kaharabu hizo palikuwa na ushanga mmoja wa plastiki ya kijani, wa bei ya peremende, umekaa pale bila haya. Nilimuuliza siku moja kwa nini. Akanijibu kwamba huo ni wa kuzuia maswali. Sikuuliza tena.

Ilikuwa mapema miaka ya themanini, stima ndiyo imeingia mtaani kwetu, Baba aliporudi kutoka posta na bahasha nene yenye stempu za ng'ambo. Ndani mlikuwa na kaseti na barua. Memsabu alikuwa amezeeka, akaandika kwa kile Kiswahili chake cha nyumbani kwake, herufi kubwa kubwa. Baba akasoma kwa sauti. Baada ya salamu, barua ilisema: "Mimi napiga hii kwa piano ile ile. Wewe sikiliza mpaka mwisho. Iko kitu yako ndani."

"Soma tena hapo," Ayeyo akasema.

Baba akasoma tena.

"Kitu gani?"

"Hajasema, Hooyo." Baba alimwita mama yake hivyo, kwa Kisomali. "Wewe uliacha nini kwake?"

"Mimi sikuacha kitu kwa nyumba ya mtu," akajibu kwa ukali kidogo, na mkono wake ukapanda shingoni ukakaa hapo.

Alikana, lakini kuanzia siku ile hakutulia. Alitaka kujua Memsabu amemwekea nini humo ndani, na alitaka kujua upesi. Mwaka uliotangulia daktari wa hospitali alikuwa amemtazama masikio, kisha akamvuta Baba pembeni na kumnong'oneza kwamba yanafunga polepole na hakuna dawa. Ayeyo alikuwa upande wa pili wa pazia na alisikia kila neno. Alitoka akamwambia daktari asante, kama yamesikia hayo basi bado yako na siku kidogo.

Tuliitia kaseti katika redio yetu, iliyokuwa na spika moja ndogo kama kisahani cha kikombe. Ayeyo akaketi mbele yake na kitambaa chake cha Ijumaa kichwani, kama aliyekwenda kutembelea mtu. Piano ikaanza. Hakumaliza dakika mbili.

"Hii si yeye," akasema. "Hii ni mtu anaosha vijiko kwa bakuli ya bati."

Baba alicheka, lakini niliona imemuuma. Huyu ndiye mama aliyemlea kwa mshahara wa kupanguza vumbi la watu. Safari iliyofuata ya Nairobi alirudi na mashine mpya ya kaseti na spika mbili zilizonifika mabegani, zenye taa nyekundu zilizowaka na kuzimika. Mtaa ulijaa mlangoni. Zilipolia, mbuzi wa jirani waliruka ua. Noti za chini za ile piano zikamwagika sebuleni, zikachukua nafasi yote, na za juu zikawa hazionekani. Ayeyo alivumilia mpaka mwisho wa kaseti, akitafuta hicho kitu chake, uso ameukunja.

"Umesikia?" Baba akamuuliza.

"Nimesikia lori inapanda mlima," akasema. "Wallahi, hata wewe ukipita na yako siwezi kusikia."

Zile spika zilikwenda kwa mwenye hoteli wa karibu na stendi, akazipenda sana. Nyumbani tulibaki bila la kufanya. Ndipo mimi nikalipeleka jambo shuleni. Mwalimu wangu wa darasa la nne alikuwa Mmeru mpole, mfundishaji wa kwaya, na Jumapili alipiga kinanda kanisani kwao. Nilimweleza yote, na Jumamosi akaja na baiskeli yake. Alisimama mlangoni akasema habari za hapa, Baba kwa mazoea akaitikia waaleikum salaam, wakatazamana, wakacheka, na urafiki wao ukaanzia hapo.

Mwalimu aliisikiliza kaseti kwenye redio ndogo, akanywa chai, akaomba kijiko na sufuria tupu. Akaigonga sufuria mara moja.

"Sikilizeni," akasema. "Sauti iko na kichwa, hapo imegongwa. Iko na tumbo, hapo imejaa. Na iko na mkia, hapo inaenda. Piano ni nyundo inapiga waya, na mbao nyuma yake inajibu. Redio hii iko na kichwa tu. Zile kubwa ulileta, mzee, zilikuwa tumbo peke yake. Wewe tafuta yenye mkia. Usisikilize ikianza. Sikiliza noti moja mpaka ipotee."

Ayeyo, ambaye kwa kawaida hakuwa na haraka ya kukubali wanaume, alimwongezea chai. Mwalimu akamgeukia kwa heshima.

"Na wewe mama, hiyo piano ulikuwa ukiisikia umekaa wapi?"

"Jikoni. Mlango nusu."

"Basi sikiliza jikoni," akasema. "Mashine ikikudanganya mbele ya uso haiwezi kukudanganya kutoka chumba kingine."

Likizo ilipofika tulipanda lori sisi watatu, Baba kwenye usukani, Ayeyo dirishani, na mimi katikati na mkebe wa nyirinyiri mapajani. Ile nyama ya mafuta, iliyokatwa vipande vidogo na kukaangwa ikakauka, ndiyo iliyotulinda na baridi ya Nanyuki. Ayeyo alikuwa ameificha kaseti kifuani, ndani ya nguo tatu. Njia nzima hakuigusa wala hakuizungumzia.

Katika duka la Nairobi spika zilikuwa zimepangwa ukutani kuanzia ndogo hadi kubwa, na muuzaji, kijana aliyevaa tai, akatupeleka moja kwa moja kwa kubwa. Baba akamwambia tunataka piano yenye mkia. Sijui kijana yule alielewa nini. Akatafuta santuri ya piano, akaifuta, akaiweka. Ayeyo akamkatiza.

"Kijana, salaam aleikum. Jikoni ni wapi?"

Nyuma ya duka palikuwa na kichumba ambamo mama mmoja aliwapikia wafanyakazi chai kwenye jiko la mafuta. Ayeyo akaingia, akasalimia, akageuza kreti akakalia, akaushika mlango akauacha nusu. Mimi nikasimama hapo kati, wa kupeleka habari. Muuzaji akaanza na zile kubwa.

"Hapana!" ikatoka jikoni.

Akabadilisha.

"Hiyo ni redio!"

Akabadilisha tena. Watu waliokuwa dukani waliacha kununua.

"Hiyo amefungiwa kwa debe, mtoeni!"

Baba alikuwa anatokwa na jasho. Alimwendea mama yake akamwambia kwa upole, kwa nini tusijaribu na kaseti yenyewe, tukajua mara moja. Ayeyo akaweka mkono kifuani. "Hii si ya dukani," akasema, na Baba akarudi alikotoka.

Muuzaji alikuwa amebakiwa na jozi moja, chini kabisa pembeni, visanduku viwili vya mbao ya kahawia, kimoja kimekwaruzwa. Alizichomeka kwa kututimizia tu. Santuri ikaanza, na jikoni kukawa kimya. Nikachungulia. Ayeyo alikuwa amekiweka kikombe chini. Yule mama wa chai, ambaye hakuna aliyekuwa amemwambia lolote kuhusu spika, aliinua kichwa kutoka kwenye sufuria yake.

"Na hiyo piano," akauliza, "imeletwa na nani?"

Basi tukazichukua hizo. Muuzaji aliona haya kutuuzia, akatukumbusha mara mbili kwamba zimekwaruzwa. Ayeyo alizipakata njiani, moja kwenye kila paja, akakataa zipande nyuma na magunia.

Na sasa, msomaji wangu, nisikie vizuri, maana hapa ndipo tulipokosea sote, na ni kosa ambalo nadhani nyumba ya kwetu tu ingeweza kulifanya. Tulifika, Baba akaziweka juu ya kabati la vioo, akaunganisha nyaya. Na Ayeyo, kwa furaha yake, akafungua sanduku akatoa vitambaa viwili alivyokuwa amevishona kabla ya safari, vya nyuzi za dhahabu, mahameli mara mbili kwa sababu ya thamani ya kitu chenyewe, vigumu kwa wanga. Akazivika spika, mbele hadi chini. Mama akashangilia. Jirani akasema mashallah. Tukatia kaseti ya Memsabu, na Ayeyo akaenda jikoni akaketi, mlango nusu.

Ilisikika kama piano iliyo nyumba ya tatu, watu wamelala juu yake. Kichwa hakikuwapo, mkia haukuwapo. Baba akaongeza sauti, ikawa ile ile, kubwa zaidi. Akalaumu barabara, akasema mashimo ya kutoka Nanyuki yamelegeza kitu. Akazigeuza, akazisogeza, akakaza nyaya, na kila alipomaliza kuzisogeza Mama alivinyoosha vitambaa vikakaa sawa. Hakuna hata mmoja wetu aliyeviona. Mtu haoni kilichokuwapo siku zote.

Ayeyo alitoka jikoni akifuta mikono.

"Wacha, mtoto wangu," akamwambia Baba. "Spika haiko na makosa. Nilizichagua mimi. Ni masikio. Yamefunga."

Baba akasema hapana, lakini hakumtazama usoni. Jioni ile Ayeyo alikula kidogo, akatuambia hadithi yetu ya kawaida, akasahau katikati. Nilikuwa na miaka kumi, na nilihuzunika sana, rafiki yangu, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kumwona akikubali kushindwa na kitu. Kaseti ikabaki ndani ya mashine. Hakuna aliyeigusa.

Alhamisi ikafika. Ayeyo alikuwa uani, mikono ndani ya karai la maji ya wanga, Mama amekwenda sokoni, na mimi nimeachiwa kuvua vitambaa na kufagia. Nilivivua vyote, vya viti, vya thamosi, vya spika, nikampelekea rundo lake. Niliporudi ndani nikaona kufagia kimya kimya kunachosha. Hiyo ndiyo kweli yote. Ningependa kukuambia niligundua jambo kwa akili zangu, lakini nilitaka tu kufagia kwa muziki. Nikabonyeza.

Ufagio ulisimama wenyewe. Piano ilikuwa pale sebuleni. Nilisikia kidole kikishuka, nyundo ikigonga, na mbao ikijibu. Nilisikia mtu akivuta pumzi kabla ya kuendelea. Nilibaki nimesimama katikati ya vumbi langu, nikikumbuka sufuria ya mwalimu, nikisikiliza kila sauti mpaka ipotee. Wimbo ukaenda ukapungua, ukashuka, ukashuka tena, ukaishia kwenye noti moja ya chini kabisa, ndefu. Na ndani ya mkia wa noti ile, ilipokuwa inakwisha, kikasikika kitu kidogo kikitetemeka juu ya mbao, trrr, kikanyamaza.

Nilipogeuka, Ayeyo alikuwa mlangoni mwa jikoni. Wanga ulikuwa unamdondoka kutoka kwenye viwiko hadi sakafuni, na hakujali, yeye aliyetuchapa kwa tone la chai.

"Rudisha hapo mwisho," akasema.

Nikarudisha. Noti ikapigwa, ikajaa, ikaenda, na mwishoni, trrr.

"Rudisha."

Mara ya tatu aliushika ule ushanga wa kijani kwa vidole vyeupe vya wanga, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi sakafuni, akajifunika uso, akajipaka wanga usoni, machozi yanamtoka, na mimi nikalia pia, sijui nalilia nini.

"Alijua," alisema. "Huyu mwanamke alijua. Miaka yote!"

Ndipo akanieleza, mimi wa kwanza. Siku ambazo Memsabu alikwenda sokoni, Ayeyo hakuipanguza tu piano. Aliipiga. Kwa kidole kimoja, polepole, alizitafuta zile nyimbo za saa kumi, jino kwa jino. Siku moja alikuwa ameinua kifuniko cha juu ili achungulie nyundo zinavyoruka, akainama sana, na uzi wa mkufu wake ukakatika. Kaharabu zikatawanyika chumba kizima. Alitambaa akaziokota zote, isipokuwa moja iliyotumbukia ndani ya piano, chini kabisa, na hakuweza kuifikia. Kumwambia Memsabu kungekuwa kukiri kwamba anachezea kitu cha watu, na yeye ni mjane mwenye watoto na kazi anaihitaji. Akanyamaza. Akanunua ushanga wa plastiki, akafunga uzi. Kila saa kumi baada ya hapo Memsabu alipogusa noti ile ya chini, Ayeyo jikoni aliisikia kaharabu yake ikilia, akangoja kuitwa. Hakuitwa kamwe.

"Angeweza kuitoa," akaniambia. "Fundi anafungua tu. Alibeba mpaka kwao, miaka yote hii, ikamlilia huko, na hakuitoa. Na ona wimbo alichagua! Unaisha hapo hapo."

Baba aliporudi alimkuta mama yake amekaa sebuleni na uso wa wanga, spika ziko uchi, na hakuna aliyepika. Tulimchezea mwisho wa kaseti. Alivitazama vile vitambaa kambani kupitia dirishani kwa muda mrefu, halafu akasema kumbe ameilaumu barabara bure, na akaenda kumwita mwalimu.

Kuanzia siku hiyo nyumba yetu ilipata desturi ambayo sijaiona kwingine. Vitambaa vilirudi juu ya spika, maana vumbi lilikuwa bado ni lile lile na jirani bado alikuwa na macho. Lakini kila alasiri, swala ikishakwisha, Ayeyo mwenyewe alikwenda kuzifunua, akavikunja vitambaa mara nne, akaenda jikoni akaketi. Mlango nusu. Tulijua kutopita wakati huo. Sebule ilibaki tupu kwa ajili ya mtu aliyekuwa anapiga piano humo.

Masikio yalifunga kweli, miaka michache baadaye. Alihamisha kigoda kutoka jikoni hadi sebuleni, kisha hadi kwenye kabati, na mwisho akawa anasimama na kiganja juu ya kile kisanduku kilichokwaruzwa. Wimbo ulipofika mwisho alitikisa kichwa kuonyesha kwamba ameupata mkia. Alifariki akiwa hajapungukiwa na chochote, ndivyo ninavyoamini, na mkufu akaniachia mimi kwa sababu nilikuwa nimeacha kuuliza maswali.

Lori liliuzwa. Mwalimu alihamishwa, akastaafu, tukapoteana. Spika zile zililiwa na mchwa mwaka ambao hakuna mtu aliyekuwa akikaa katika nyumba ile, na sasa mahali pake pana jengo la ghorofa lenye maduka chini, na ukipita saa kumi unasikia kila duka na wimbo wake kwa pamoja. Isiolo ina lami, ina taa, na hata vumbi limepungua. Watu hawafumi vitambaa tena. Silalamiki. Lakini wakati mwingine alasiri naukosa ule ukimya wa nyumba nzima inayongoja mtu mmoja asikilize.

Kaseti mpwa wangu aliiokoa, akaihamishia kwenye simu. Ndiyo niliyompa yule muuzaji wa duka la nne. Kichumba chao cha chai kilikuwa na birika la stima na vikombe visivyooshwa, na nikasimama hapo, nikauacha mlango nusu. Jozi ya kwanza nikasema hapana. Ya pili nikasema hapana. Ya tatu sikusema kitu. Memsabu alivuta pumzi upande wa pili wa mlango, akapiga, akashuka, akaishia pale alipochagua kuishia, na nikaisikiliza noti ikienda mpaka mwisho kabisa.

Muuzaji akachungulia, ameingiwa na wasiwasi.

"Pole sana, mama," akasema. "Hii rekodi yako iko na shida. Kuna kitu inatetemeka hapo mwisho. Lakini usijali, hiyo kelele naweza kukutolea, ni dakika moja tu."

Nilikuwa nimeushika ushanga wa kijani.

"Iache humo," nikamwambia. "Na hizo spika, nifungie."